Sogeza Mguu, Shangazi Apite

Tulimwacha Shangazi kizingitini kwa wifi yake, viatu mkononi, mdomo umefumbwa, na sauti yake mwenyewe ikiimba ndani ya nyumba ya watu.

Hakusimama sana. Aliusukuma mlango.

Chumbani hamkuwa na mzimu. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amejilaza kitandani na uchovu wa uzazi. Kichanga kilikuwa kwenye kitanda chake kidogo chenye uzio, kimefunikwa mpaka kidevuni. Na juu ya kabati palikuwa na kidude cheupe, ukubwa wa ngumi, kinawaka taa ya kijani. Kidude ndicho kilichokuwa kikiimba.

Jua limechoka, wewe hujachoka?
Kuku kafumba jicho, wewe wangoja nini?
Lala, sogeza mguu, shangazi apite,
lala, sogeza mguu, shangazi apite.

Haikuwa sauti iliyofanana na yake. Ilikuwa yake. Hata ule mkwaruzo wa mwisho wa mstari ulikuwemo, mkwaruzo alioupata utotoni kwa kushindana na mashine ya kusaga nafaka iliyokuwa ukuta mmoja na kwao. Watu waliokulia nyumba ile wote huongea kwa kelele. Huyu hata akikupa salamu ya asubuhi, utadhani anakuita kutoka ng'ambo ya mto.

Kwa aliyejiunga nasi leo: mwanamke huyu hulea watoto wadogo katika kituo, wale ambao wazazi wao huwaacha asubuhi na kuwachukua jioni. Watoto humwita Shangazi, basi na wazazi wao wakamwita Shangazi, na muuza maji, na hata mumewe, dereva wa malori, akipiga simu kutoka safarini. Wa kwake wa kumzaa ni mmoja tu, binti anayejifunza kusema. Mtoto huyo tangu alfajiri mdomo haufungi, wakamwita Chiriku.

"Hiki ni nini?"

"Salamu kwanza, wifi. Na punguza sauti, utaniamshia mtu."

"Nimeuliza hiki ni nini."

Wifi alijiinua kwa kiwiko, akaanza kumsifia mgeni wake. Huyo anaitwa Mbembelezi. Ana akili bandia. Mtoto akilia anasikia mwenyewe, anaimba mwenyewe, na anajua kutenganisha kilio cha njaa na kilio cha nepi. Nusu ya mji wanaye. "Tena nilimwambia mume wangu," alisema, "huyu anayeimba ni kama wifi yangu, kama wifi yangu angekuwa na adabu."

Shangazi hakucheka. Alimuuliza kama anauelewa ule mstari wa mguu.

Wifi alikiri kwamba ulimsumbua kidogo. Alimuuliza mumewe, naye mumewe, mtu wa kusoma magazeti, akamwambia ni ushairi. Shangazi ndiye usingizi. Usingizi unapita mlangoni, mtoto anaombwa aupishe.

"Si ushairi, wifi," alisema Shangazi. "Ni msongamano."

Akamweleza. Kituoni, chumba cha kulalia ni kidogo na watoto ni wengi. Magodoro hupangwa ubavu kwa ubavu mpaka huoni pa kukanyaga. Mapazia yakishushwa mchana, yeye ndiye hutembea katikati yao akiimba, huyu anamfunika, yule anampigapiga mgongoni. Akikuta mguu umeziba njia, hawezi kunyamaza aombe njia. Wimbo ukikatika, mmoja anaamka, na mmoja akiamka wameamka wote. Kwa hiyo ombi lake hulitia ndani ya wimbo, kwa mahadhi yaleyale. Sogeza mguu, shangazi apite. Hivyo kila mchana.

"Mwanao amelala peke yake kwenye kitanda cha uzio," alisema. "Mguu asogeze ampishe nani?"

Wifi alikitazama kidude kana kwamba ndani yake mna mtu. Akaogopa kidogo. Lakini mtu aliyekwisha onja usingizi baada ya kuzaa haachi usingizi wake hivihivi. Alisema, haya, ni sauti yako, sasa umepungukiwa nini? "Sauti si nguo, kwamba mwenzio akiivaa wewe unabaki uchi."

"Basi nipe sura yako nikaivae kwa waume za watu. Ukiulizwa, sema ya kwako bado unayo."

Wifi alijilaza tena. Kidude kikamjibia: lala, sogeza mguu.

Asubuhi yake Shangazi aliingia ofisini kwa mwenye kituo bila kubisha hodi.

Mwenye kituo, walezi humwita Madamu usoni na Bi Funguo kisogoni. Kiunoni ana furushi la funguo ambalo haliweki chini hata akiwa ameketi, na ukilisikia likija koridoni unajua la kufanya na mikono yako. Alimsikiliza Shangazi huku akizichambua funguo moja moja kama mtu anayechambua mboga.

Alianza kwa kukana. Akaona kukana hakumfai, akaegemea kamera. Wazazi ndio walioomba kamera, alisema, na hapo hakudanganya. Wazazi walizipenda, kutwa wakiwa kazini wanawachungulia watoto wao kwenye simu. Kampuni ikaja na mtu wake mwenye tabasamu, ikafunga kamera bure, ikaomba kitu kimoja tu: sauti za chumba.

"Nilidhani wanataka vilio," alisema Bi Funguo. "Nani ataiba vilio?"

"Ungetuuliza sisi tunaoimba."

"Niwaulize kwa nini? Chumba ni changu. Sauti iliyomo chumbani kwangu ni ya nani?"

Hebu msomaji isome tena sentensi hiyo. Mimi nilipoiandika kalamu ilitaka kupasuka. Kwa hesabu hiyo, ukipiga chafya dukani kwa mtu, chafya ni ya mwenye duka. Na mwanao akisema neno lake la kwanza chini ya paa la mtu mwingine, neno ni la mwenye paa.

Shangazi naye wazo hilo ndilo lililomjia, likamchoma. Maana Chiriku hulala chumba kilekile pamoja na wenzake. Siku aliposema "Mama" kwa mara ya kwanza, alilisema pale, kwenye godoro la dirishani, katikati ya wimbo. Shangazi aliumeza mshangao wake, akaendelea kuimba huku machozi yakimtiririka, asije akawaamsha wengine. Alidhani furaha ile wanaijua yeye na mwanawe tu. Kumbe walikuwa watatu.

Lakini Bi Funguo alikuwa bado hajamaliza. Alinyoosha kidole pembeni ya kabati. Palikuwa na boksi limefunguliwa, na ndani yake vidude vyeupe, kimoja juu ya kingine, mithili ya mayai.

Kuanzia Jumatatu, alisema, chumba cha kulalia kitakuwa na Mbembelezi. Mlezi mmoja mlangoni atatosha. Wengine itabidi waachishwe kazi.

"Wewe pumzika, mwanangu," akamwambia kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi. "Sauti yako itabaki na watoto."

Umewahi kufukuzwa kazi na wewe mwenyewe?

Shangazi hakulia. Alimbeba Chiriku mgongoni, akatoka naye mchana kweupe. Njiani, redio ya kinyozi ikawa inatangaza kwamba Jumamosi, kwenye ukumbi wa jamii, serikali itakusanya maoni ya wananchi juu ya muswada wa akili bandia na siri za watu. Kila mwenye neno anakaribishwa. Shangazi alisimama mbele ya kioo cha kinyozi mpaka tangazo likaisha. Neno alikuwa nalo.

Jumamosi ilipofika, alimwacha Chiriku kwa Bibi, mama yake mzazi, anayekaa mtaa uleule wa kituo. Masikio ya Bibi yamechoka kidogo lakini mikono bado, na kwa mjukuu wake haambiwi kitu.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mezani mbele alikaa mwenyekiti wa kamati, mama wa miwani mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Upande wake wa kushoto alikaa mtu wa kampuni, yule aliyefunga kamera. Shangazi alimpa jina papo hapo: Tabasamu. Alitabasamu akiketi, akatabasamu akinywa maji, na alipopiga chafya akaipiga akitabasamu. Kando ya Tabasamu, amevaa kama anakwenda harusini, Bi Funguo.

Watu wakaanza kumwaga yao.

Seremala mmoja alisema mashine ziachwe zifanye kazi. Simu yake humchorea kabati kabla hajagusa ubao, na wateja wanaduwaa. Serikali iliyoshindwa kuziba mashimo ya barabara, aliuliza, ndiyo inataka kutengeneza akili za mashine? Akapigiwa makofi.

Msusi akasema simu zote ni vigogo wa umbea. Mteja wake alimnong'oneza kitini kwamba ana mimba, simu ipo mezani. Kabla hajafika nyumbani kumwambia mumewe, simu ilikwisha kumwonyesha mumewe nguo za watoto. Mume akauliza, nguo hizi za nani? Ukumbi ulicheka. Msusi mwenyewe hakucheka, maana yule mteja hajarudi tena kwake.

Kijana wa chuo alisema sheria kali itaua vipaji. Mzee mstaafu alimsubiri amalize, akainuka na fimbo yake, akasema yeye haogopi mashine, anaogopa wanaoomba kuzilinda. Serikali yenyewe ina kamera kila nguzo. Leo inataka kuwa hakimu wa wachunguliaji?

"Hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani," alisema, akakaa. Makofi ya mzee huyo yaliyazidi ya wote. Mwenyekiti akasema yote yamepokelewa, ingawa hakuna aliyeiona kalamu yake ikitembea.

Zamu ya Shangazi ikafika. Kipaza sauti alikisogeza pembeni. Hakukihitaji.

Alieleza yote: magodoro, mapazia, mguu, kidude cheupe kwa wifi yake, boksi la vidude ofisini, Jumatatu. Hakupamba. Hasira ilikuwa imemnyoosha maneno. Alipomaliza akauliza nani humu ana Mbembelezi nyumbani, na mikono ikainuka kama shamba la mahindi.

"Ambaye chumbani kwa mwanawe kuna shangazi anayetaka kupita, abaki ameinua. Wengine shusheni."

Mikono yote ikashuka, na kicheko kikapanda. Msusi alikuwa na Mbembelezi wake kwenye simu. Akamfungulia, akaiinua simu juu. Wimbo ukatoka. Watu waliisikia ile sauti ya simu, wakamtazama mwanamke aliyesimama mbele, wakaitazama simu tena. Sasa kicheko kilikuwa cha kushika mbavu. Kumbe miezi yote hiyo watoto wa mji mzima wanaombwa njia na mtu asiyekuwepo.

Aliyekizima kicheko ni seremala, yule wa kabati. Alisimama taratibu, kofia mkononi.

"Mwanangu huusogeza kweli," alisema. "Wimbo ukifika hapo, usingizini, anauvuta mguu. Nilidhani anaota."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mzazi ukumbini alikuwa amerudi nyumbani kwa mawazo, anamtazama wa kwake akiwa amelala. Mama mmoja aliziba mdomo kwa kiganja. Mtu asiyemjua alikuwa ameingia chumbani kwa mwanawe, akamfundisha mwili wake kutii.

Hasira ilipita kwenye viti safu kwa safu, ukaisikia kwa jinsi viti vilivyolia.

Tabasamu akainama sikioni mwa Bi Funguo. Furushi la funguo likalia, Bi Funguo akainuka, akajipenyeza kwenye mlango wa pembeni akatoka. Shangazi alimwona, akadhani amekimbia aibu.

Laiti angejua.

Tabasamu alisimama akafunga kishikizo cha koti. Alisema kampuni inawaheshimu sana akina mama. Alisema kampuni haichukui kitu cha mtu bila idhini. Na kwa kuwa dada amesahau, basi aruhusiwe kumkumbusha. Akabonyeza kitufe.

"Mimi ni mlezi wa watoto," ilisema sauti ya Shangazi kwenye spika za ukumbi. "Nimekubali kwa hiari yangu sauti yangu itumike kumbembeleza kila mtoto. Nimeelezwa, nimeelewa, na sina dai."



Ukaanza ule mnong'ono wa watu wanaobadili upande. Kumbe. Aa, kumbe. Mtu mmoja nyuma akasema huyu alikubali, sasa ameona chungu kimechemka anataka kukitia mwiko upya. Seremala aliivaa kofia yake, akakaa bila kumtazama.

Mwenyekiti alivua miwani. "Mama, hiyo ni sauti yako?"

"Ni yangu."

"Ulisema maneno hayo?"

"Sikuyasema."

"Sauti yako imeyasema, wewe hukuyasema." Mwenyekiti hakukusudia kuchekesha, lakini walicheka.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ubaya wa jambo hili ulipo. Mwizi wa kuku humleta kuku wako akushitaki wewe? Lakini huyu ameiba kitu, kisha amekisimamisha kizimbani kikutolee ushahidi. Hata Shangazi mwenyewe aliyumba. Alijiuliza kama kuna siku, amechoka, mtoto begani, alimwitikia mtu ndiyo bila kusikiliza. Akina mama wanaolea mchana na kulea usiku wanajua kwamba siku za namna hiyo zipo.

"Naomba irudiwe," alisema.

Ikarudiwa. Alisikiliza kwa kuinamisha kichwa, kama anavyosikiliza kilio nyuma ya mlango ajue kimetokana na nini. Akaomba mara nyingine. Tabasamu akairudia kwa furaha.

Shangazi akainua kichwa.

"Mbona ananong'ona?"

Mwenyekiti alisema hajaelewa.

"Mama mwenyekiti, mmenisikia tangu nimesimama. Hata waliokaa nje wamenisikia. Aliyewahi kunisikia nikinong'ona aseme."

Nyuma kabisa mwanamke mmoja akainuka, kichanga kifuani. Wifi. Alikuwa amekuja kimya kimya, na kidude cheupe amekishika mkononi kama mtu anayerudisha panya kwa mwenye paka.

"Mimi ni wifi yake," alisema. "Huyu hata msibani hanong'oni."

Ukumbi ulipasuka, lakini safari hii kicheko kilikuwa upande wake. Shangazi hakungoja kipoe.

"Ninanong'ona chumba kimoja tu duniani, watoto wakiwa wamelala. Hiyo mashine haijawahi kunisikia mahali pengine. Haijui nikikasirika ninakuwaje. Haijui nikikubali ninakuwaje. Walipotaka kunitungia ndiyo, ghalani kwao walikuwa na sauti ya kubembelezea tu." Akamgeukia Tabasamu. "Sasa bwana, tueleze. Hayo makubaliano tuliyafanyia wapi? Juu ya magodoro, mtoto huku, mtoto huku, na wewe umekanyaga wapi?"

Watu walisimama. Mzee mstaafu aligonga fimbo sakafuni, akagonga tena. Seremala aliivua kofia yake safari ya pili, na ilionekana haijui tena ikae wapi. Tabasamu aliendelea kutabasamu, lakini macho yalikwisha kujitoa.

Mwenyekiti aligonga meza. Alimwagiza mtu wa kampuni alete kila sauti iliyochukuliwa chumba kile, kama ilivyochukuliwa, bila kuguswa, na vidude visiingie kituoni Jumatatu wala siku nyingine mpaka kamati itakaposema. Ndipo akamuuliza Shangazi, safari hii kalamu ikiwa mkononi kweli, angependa sheria isemeje.

Shangazi hakuwa ameliandaa hilo. Alisema lililokuwepo.

"Iseme, kabla hujachukua, uliza. Ukiambiwa hapana, ondoka. Na asiyejua kusema bado, asichukuliwe kitu."

"Wanasheria wataivalisha koti," alisema mwenyekiti akiandika, "lakini mfupa ni huo."

Kwa muda mfupi, mfupi kama pumzi ya mtoto anayepitiwa na usingizi, Shangazi aliamini kwamba mtu wa kawaida anaweza kusimama mbele ya wakubwa, akasema, na ikaandikwa. Aliona Jumatatu yake. Aliona godoro la dirishani na Chiriku juu yake.

Simu ikatetemeka mfukoni. Bibi.

"Uko wapi wewe?" Bibi huongea na simu kana kwamba imemkosea. "Sisi tumeshafika."

"Mmefika wapi, Mama?"

"Si hapa kituoni, chumba cha kulalia. Si uliniambia nimlete mtoto haraka? Yule mama wa funguo ametufungulia, akatoka. Sasa mlango huu naona umegoma."

Shangazi aliikandamiza simu sikioni.

"Mama, mimi sijakupigia simu."

"Umenipigia, mwanangu. Ulikuwa unanong'ona. Nikajua uko kwenye kikao."

Aliinua macho. Tabasamu alikuwa akimtazama, na sasa macho yake nayo yalikuwa yanacheka.  Alinyoosha mkono, akakivuta kile kipaza sauti alichokikataa mwanzoni, akakisogeza mbele yake polepole, kama anayemkaribisha mtu aseme upya, na safari hii aseme vizuri: ndiyo.

Mwenyekiti akauliza kama kuna tatizo.

Simuni Chiriku alianza kulia. Kilikuwa kilio cha woga, kile kinachopanda kwa hatua; Shangazi alikijua, angekitambua kati ya vilio vya watoto wote wa dunia. Alifungua mdomo amwite mwanawe.

Kuna aliyemtangulia.

Lala, iliimba sauti yake kule ndani, karibu kabisa na mtoto. Lala, sogeza mguu, shangazi apite.

Kilio kikakatika.

"Mama," alisema Chiriku kwa furaha, na hakuwa akisema na simu.